Kisu Hakikutajwa

Bibi yangu wa Nyamuswa, wilayani Bunda, alisali rozari kila jioni. Alikeketwa akiwa binti, akabatizwa baadaye, kisha akawapeleka binti zake wote kwa ngariba, mama yangu akiwa mmojawapo. Siku moja nilimuuliza kama padri hakuwahi kuwakataza. Akanijibu, "Kanisani tulikemewa pombe na uganga, mjukuu wangu. Kisu hakikutajwa."

Chuoni, tukibishana kama dini imeleta heri au shari, mmoja huhesabu shule na hospitali za misheni, mwingine huhesabu vita. Mimi hulikumbuka jibu la bibi, kisha humfikiria jirani yetu wa Butiama.

Julius Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Alibatizwa mwaka 1943, mwaka mmoja baada ya kifo cha baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alidumu kuwa Mkatoliki mshika misa hadi kufa kwake mwaka 1999. Hata hivyo, mwaka 1969 serikali yake ilizitwaa shule za misheni, zikiwemo za Kanisa lake. Shule hizo zilileta mwanga, lakini zilimfungulia mlango Mkristo kuliko Mwislamu, na kasoro hiyo ilirekebishwa na muumini.

Mwaka uliofuata alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Mapadri wa Maryknoll walikuwa wameshafika Musoma tangu 1946, kwa hiyo hakuwa akihutubia wageni. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowadidimiza maskini, dini itabaki kuwa ushirikina wa watu waoga. Naye hakuwa malaika: imani hiyohiyo haikumzuia kuwahamishia watu kwa nguvu katika vijiji vya ujamaa miaka michache baadaye.

Ndiyo maana siwezi kuipima dini kwa jumla. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini Desemba ikifika mkoani Mara, bado wapo wanaotoroka usiku. Masanga, wilayani Tarime, wanapokelewa na masista. Mugumu, Waanglikana walianzisha nyumba salama. Baadhi ya wanaokimbia wametoka katika nyumba za Wakristo, na wanakimbilia kwa Wakristo.

Mimi sikukeketwa. Kabla sijafikia umri huo, sista mmoja alikuja kwenye jumuiya yetu ndogondogo, akafunga kitabu cha sala, akakitaja kisu kwa jina lake. Wanawake wawili waliondoka kwa hasira. Bibi aliinamisha kichwa, rozari mkononi. Mama, aliyeketi nyuma yake, alisimama na kuuliza swali la kwanza.