Ukadiriaji wa udongo wa barabara
Ukadiriaji wa udongo wa barabara ni hesabu ya kiasi cha kuchimbwa na kujazwa ili njia ifikie kimo kilichosanifiwa. Wapimaji hupigilia vigingi kwenye mstari wa katikati, mara nyingi kila mita 20, na kwenye kona kali huvikaribisha zaidi. Penye kila kigingi hupima vimo kulia na kushoto, kisha huchora mkato wa ardhi kukingama njia.

Kanuni iliyozoeleka ni kuzidisha wastani wa maeneo ya mikato miwili kwa umbali kati yake: mita za mraba 12 na 18, zikiachana mita 20, hutoa mita za ujazo 300. Ni rahisi, lakini hudanganya pale uchimbaji unapokwisha. Mkato wa 18 ukififia hadi sifuri kama piramidi, kanuni hutoa 180, ilhali ujazo halisi ni 120. Anayelipia tofauti hiyo ni mwenye barabara.

Zaidi ya hayo, udongo uliochimbwa huumuka ukiwa kwenye lori, na ukishashindiliwa tutani mara nyingi hupungua kuliko ulivyokuwa ardhini.