Tumbi, kituo cha utafiti
Kituo cha utafiti wa kilimo karibu na mji wa Tabora, penye njia ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania. Moja ya kazi zake muhimu, iliyofanywa pamoja na ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha Nairobi, ilitokana na shida ya kuni: tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto kwenye mabani, yaani majengo ya kukaushia, na misitu ya miombo ndiyo iliyokuwa ikiteketea kwa kukatwa kuni. Watafiti walijaribu migunga ya Australia, hasa Acacia crassicarpa. Mkulima huipanda pamoja na mahindi, huiacha ikue, kisha huivuna kuni baada ya takriban miaka 5 na kulima tena. Utafiti wa tumbaku yenyewe hufanywa na TORITA, taasisi ya utafiti wa tumbaku, pia mkoani Tabora.