Kasi ya Kutuama kwa Chembe: Kutoka kwa Stokes hadi Bonde la Wembere

Wakulima wa pamba wa Malampaka, mji wa wilaya ya Maswa ulio kando ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, hutofautisha udongo wa luseni, wenye mchanga, na ule mweusi wa mbuga, ambao ukivurugwa majini huelea kwa saa nyingi ilhali mchanga hutuama mara moja. Kanuni ya tofauti hiyo ilitolewa mwaka 1851 na George Gabriel Stokes wa Cambridge, aliyeonyesha kuwa chembe ndogo ya mviringo huzama kwa kasi isiyobadilika pindi uzito wake ndani ya majimaji unapolingana na ukinzani wa mnato, yaani ugumu wa majimaji kutiririka, na kwamba kipenyo kikiongezeka mara mbili kasi huongezeka mara nne.

Wachorongaji wa visima vya mafuta waliirithi kanuni hiyo kwa sababu tope linalosukumwa na pampu hadi kwenye keekee, yaani ncha inayokata mwamba, hupanda tena nje ya bomba likibeba vipande vilivyokatwa, na likipanda polepole kuliko vinavyozama, vipande hurundikana chini na kulinasa bomba. Punje ya mchanga ya milimita 0.1 hutuama katika maji kwa takriban milimita 9 kwa sekunde, kama kanuni isemavyo. Lakini kwa kipande cha milimita 5 kanuni hiyohiyo hutoa zaidi ya mita 22 kwa sekunde, jambo lisilowezekana, kwani kasi halisi ni karibu nusu mita tu. Katika ukubwa huo kinachozuia zaidi ni vurugu za majimaji yanayosukumwa kando, na ndiyo maana Preston Moore, katika mwongozo wake wa uchorongaji wa mwaka 1974, aligawa hesabu kulingana na aina ya mtiririko. 

Bonde la Eyasi-Wembere, ambako Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania limechoronga visima vifupi vya utafiti, hugusa Simiyu, mkoa uliko pia Maswa, kupitia wilaya ya Meatu. Udongo wa mfinyanzi unaotiwa katika tope la kuchorongea ni wa jamii moja ya madini na ule wa mbugani: pampu ikisimama, tope huganda na kuvishikilia vipande vidogo visizame kabisa, hali ambayo Stokes hakuikokotoa. Hesabu inayodhani mnato mmoja usiobadilika haistahili kuaminiwa kisimani. Vipimo vya tope lenyewe, vikichukuliwa katika joto la kina husika, ndivyo vinavyopaswa kutangulia.