Tabaka: Neno Lililotiliwa Shaka Mwaka 1962

Mwezi Aprili 1962, katika kijitabu chake cha Kiingereza juu ya ujamaa, Mwalimu Julius Nyerere alitoa hoja inayotuhusu sana sisi tunaoshughulika na istilahi. Alieleza kwamba usoshalisti wa Ulaya ulitokana na mapinduzi mawili. Mapinduzi ya kilimo yaliwatenga wenye ardhi na wasio na ardhi. Mapinduzi ya viwanda yakamleta bepari wa kisasa na mfanyakazi wa kiwandani. Afrika haikupitia njia hiyo, naye akatilia shaka kama lugha yoyote ya asili ya Kiafrika ilikuwa na neno lenye maana hiyo ya tabaka.

Haikupita miaka mitano. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilieleza kwamba nchi ya ujamaa kamili haina ubepari wala ukabaila, wala haina matabaka mawili, moja la wafanyao kazi na jingine la waishio kwa jasho la wenzao. Basi neno likawa limepatikana.

Lilitoka wapi? Tabaka ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo katika Kiswahili lilikuwa na maana ya kitu kilicholala juu ya kingine, kama vile tabaka la udongo. Kulitumia kwa watu ni istiari, na kila istiari ina upungufu wake. Hii hutuonyesha aliye juu na aliye chini, lakini haituelezi sababu. Katika nadharia ya Karl Marx, tabaka halipimwi kwa wingi wa mali tu, bali kwa uhusiano wa mtu na njia za uzalishaji mali: nani anazimiliki, na nani hana budi kuuza nguvu yake ya kazi. Udongo wa juu hauunyonyi udongo wa chini.

Ndiyo maana tabaka lilihitaji kuandamana na unyonyaji. Neno hili, lililotokana na kitenzi cha mtoto anyonyaye, lilieleza uhusiano ambao tabaka peke yake halikuueleza.

Bepari nalo lilihama. Hapo awali lilimaanisha mfanyabiashara, bila lawama yoyote. Mwalimu alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita *Mabepari wa Venisi*, mwaka 1969, msomaji hakuweza tena kulisoma jina hilo kana kwamba Azimio halikutangazwa.

Hatusemi kwamba maneno haya hayafai. Tunasema kwamba yana tarehe. Siasa ya vyama vingi ilirudi mwaka 1992, na Katiba ingali inautaja ujamaa. Hivyo maandishi ya vipindi vyote viwili hukutana juu ya meza ya mfasiri. Mfasiri anayeandika "watu wa hali ya chini" mahali pa tabaka la wafanyakazi amelifuta swali la umiliki. Naye anayeita kila kundi la kipato tabaka, au kila mfanyabiashara bepari, amezusha ugomvi ambao mwandishi hakuukusudia.

Hatuna budi, basi, kabla ya kuchagua neno, kuuliza andiko ni la mwaka gani na mwandishi wake alikuwa akibishana na nani. Kamusi itatupa maana. Maswali hayo ni juu yetu.