Kiti kilichozaa jina la kidonge

Kabla ya kuwa jina la kidonge, neno hili lilikuwa jina la kiti. Namaanisha "tranquilizer", neno ambalo Wamarekani wamezoea kuitia dawa za kutuliza akili.

Mwenye kiti ni Benjamin Rush, daktari wa Philadelphia, mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Mnamo 1811 hivi alitengenezesha kiti kizito cha mbao kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Mikono ilifungwa kwa mikanda, kifua vilevile, miguu ikabanwa chini, na kichwa kikatiwa ndani ya kisanduku ili mgonjwa asigeuke wala kuona pembeni. Chini ya kalio kulikuwa na chombo cha haja, kwa hiyo unajua mtu hakuwekwa humo kwa dakika tano. Rush aliamini wazimu ni damu iliyofurika kwenye ubongo. Mwili ukitulizwa, damu nayo itapungua kasi. Cha ajabu, yeye alikiona kiti hicho kuwa cha huruma kuliko shati la kufungia mikono. Jina alilokipa limetokana na neno la Kilatini tranquillus, ambalo Warumi walilitumia pia kwa bahari iliyotulia. Mswahili wa pwani angesema shwari.

Kiti kikapitwa na wakati. Jina likarudi mwaka 1953, pale Frederick Yonkman wa kampuni ya Ciba alipotafuta namna ya kuieleza reserpine, dawa iliyotolewa kwenye mzizi wa sarpagandha, mmea ambao waganga wa India walikuwa wakiutumia karne nyingi kabla. Dawa hiyo ilimtuliza mgonjwa bila kumtia usingizi mzito, na neno la zamani la "kusinzisha" halikuifaa.

Aliyelifikisha neno sokoni ni Frank Berger, mtafiti wa dawa mzaliwa wa Plzeň, Chekia, aliyekimbia Wanazi. Akiwa Uingereza miaka ya 1940, akitafuta kemikali ya kuhifadhi penisilini isiharibike, aliona panya aliowadunga wakilegea huku macho yako wazi. Baadaye, huko New Jersey, alishiriki kutengeneza meprobamate, iliyoanza kuuzwa mwaka 1955 kwa jina la Miltown, kutokana na kijiji cha Milltown cha jimbo hilohilo. Inasimuliwa kwamba daktari Nathan Kline ndiye aliyemshauri asiiite dawa ya usingizi bali tranquilizer, kwa kuwa dawa za usingizi zilishajaa madukani; watu walitaka utulivu. Ushauri ulilipa: maduka ya dawa yalibandika matangazo kwamba Miltown imekwisha, na mchekeshaji Milton Berle akatania kwamba atajiita Miltown Berle. Kwa maoni yangu, jina liliuza kuliko kemikali yenyewe. Valium ilipofika mwaka 1963, ilikuta njia imekwisha kufagiliwa.

Uraibu ulikuja kuonekana baadaye, na meprobamate ikapoteza sifa.

Sisi Kiswahili kinatupa "kutuliza", kutoka "tulia", na hapo ndipo penye mtego: dawa ya kutuliza maumivu na ya kutuliza akili zote tunazifupisha kuwa "dawa ya kutuliza". Ya kwanza inaweza kuwa panado, ya pili diazepam, yaani ile Valium. Ukifika kwenye dirisha la dawa, limalizie neno: kutuliza nini?