Pumzi, Vumbi na Mlinzi wa Mgonjwa: Historia ya Maradhi ya Mapafu Kalemie

Mji wa Kalemie, ulioko pale Mto Lukuga unapotoka katika Ziwa Tanganyika kuelekea Mto Kongo, ulianzishwa mwaka 1891 na Kapteni Jacques wa Ubelgiji kama ngome ya kupambana na biashara ya utumwa, ukaitwa Albertville. Lakini kilichoukuza ni kazi. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, makaa ya mawe yakachimbwa katika bonde la Lukuga, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kikajengwa Filtisaf, kiwanda cha kusokota nyuzi na kufuma vitambaa, ambacho jina lake lingali likitajwa mjini.

Vumbi la makaa na la miamba, likivutwa miaka mingi, hukaa ndani ya pafu, mwili ukalizungushia makovu, na pafu lenye makovu hukakamaa lisiweze kutanuka. Vumbi la miamba huleta ugonjwa uitwao silikosi. Vumbi la pamba lina tabia nyingine, na ugonjwa wake, bisinosi, hujitambulisha kwa kalenda: mfanyakazi aliyepumzika Jumapili hurudi Jumatatu katika chumba cha kuchambulia pamba, na kabla ya jioni kifua kinambana, Jumanne hupata nafuu, akadhani yamekwisha, hadi miaka inapopita na kubanwa kule kukaenea wiki nzima, kisha kukakaa moja kwa moja. Mganga asiyemwuliza mgonjwa anafanya kazi gani huweza kuuita pumu na kumrudisha kwenye vumbi lilelile.

Msaada wa wagonjwa wa namna hii ulifuata ajira. Ubelgiji wenyewe, uliochimba makaa kwa zaidi ya karne moja, haukuikubali silikosi ya wachimba makaa kuwa ugonjwa wa kulipiwa fidia hadi sheria ya Desemba 1963, wakati Kongo ilikuwa imekwisha kutoka chini ya utawala wake miaka mitatu kabla. Kongo nayo, kwa sheria ya tarehe 29 Juni 1961, ilikuwa imeunda taasisi yake ya hifadhi ya jamii yenye jukumu la kulipia ajali na maradhi ya kazini. Ilikuwa hatua ya haki, ila ilimfikia yule tu aliyeandikwa kazini, na mwajiri alipofunga milango, daftari la majina lilifungwa pamoja nayo. Mwanamke aliyekausha migebuka, samaki wa ziwani, kwa moshi, au aliyepuliza mbabula, yaani jiko la mkaa, asubuhi na jioni kwa miaka thelathini, hakuwahi kuwamo katika daftari lolote, ingawa moshi huo huziba njia za hewa kama moshi wa tumbaku. Hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika historia hii, nalo halijazibwa.

Mwaka uleule wa 1963, mwezi Juni, daktari James Hardy alipandikiza pafu la kwanza katika mwili wa binadamu huko Mississippi, Marekani, na mgonjwa akaishi siku 18. Mafanikio ya kudumu yalipatikana Toronto mwaka 1983, chini ya Joel Cooper, baada ya kupatikana siklosporini, dawa inayouzuia mwili kulikataa pafu la mwingine. Upasuaji huo haufanyiki Kongo, lakini masharti yanayoutangulia yanastahili kutazamwa kwa makini: mgonjwa aache tumbaku, afanye mazoezi ya kutembea na ya kupumua, na awe na mtu wa karibu aliye tayari kukaa naye kabla na baada ya kisu. Sharti hili la mwisho ni desturi ya zamani katika hospitali za Kongo, ambako mlinzi wa mgonjwa, mara nyingi mama, dada au binti, huja na mkeka, sufuria na mbabula yake, akapika uani, akamwogesha mgonjwa na kukesha naye. Kilichokosekana si mtu wa kukaa naye. Ni mafunzo na vifaa vya kumwezesha mtu huyo.

Mashine inayochuja hewa ya chumbani ili kumpa mgonjwa oksijeni inahitaji umeme usiokatika, na umeme wa Kalemie hutoka mbali, kwenye maporomoko ya Mto Kyimbi huko Bendera. Umeme ukikatika usiku, mlinzi ndiye wa kwanza kusikia mashine ikinyamaza. Akiwa amefundishwa, humwinua mgonjwa akae akiinama mbele, viwiko juu ya magoti, atoe pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza uji, mkono wa mlinzi ukiwa mgongoni pake mpaka taa zirudi.