Shabu: jiwe linaloshusha matope, lakini haliui kipindupindu

Wasikilizaji wetu wa Yanonge, na ninyi ndugu mliokimbia makwenu mkapokelewa Kisangani na kandokando ya mto, leo tunaongea juu ya jiwe jeupe liitwalo shabu. Kwa Kifaransa ni alun. Ni chumvi yenye alumini, na ndugu yake wa kiwandani ni sulfati ya alumini.

Ni kitu cha zamani. Wamisri wa kale walichimba shabu jangwani, magharibi ya Nili. Ulaya iliihitaji ili rangi ishike kwenye nguo, ikawa inainunua kwa Waturuki. Mwaka 1461 Giovanni da Castro aliikuta Tolfa, Italia, na Papa Pio wa 2 akaifanya mali ya Kanisa.

Baadaye ikaingia jikoni. Huko Marekani akina mama waliweka kidogo katika matango ya siki ili yasilegee. Alumini hushikana na pektini, ile gundi ya ndani ya tunda, na tunda linabaki gumu. Kwenye pakiti za chakula sulfati ya alumini huandikwa E520.

Lakini sisi watu wa mto, inatugusa zaidi kwa maji. Ukiitia katika maji ya matope, hufanya mabonge laini yanayokusanya uchafu na kuzama nao. Regideso, iliyoanzishwa 1939, hutumia njia hiyo.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Maji yanang'aa, kumbe vijidudu vingine bado vimo. Tukumbuke 2011: mwezi wa tatu kipindupindu kilitokea Kisangani, kikateremka na mto hadi Mbandaka na Kinshasa. Kwa hiyo tope likishatulia, mimina maji ya juu polepole katika bidoni safi, kisha uyachemshe au utie klorini.

Wala usizidishe. Mwaka 1988 huko Camelford, Uingereza, tani 20 za sulfati ya alumini zilimwagwa kwa kosa katika tangi la maji yaliyokwisha kusafishwa, yakafikia watu 20,000. Na 2011 wataalamu wa FAO na OMS waliweka kipimo cha alumini: miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa juma. Mtu wa kilo 60 asipite 120, chakula na maji pamoja.

Mama anayechota mtoni, shabu imekufanyia nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya moto au klorini.